Spiriti ya Meza ya Mama Mkwe

Wifi yangu hajui kubisha hodi. Sauti yake hutangulia, mwili hufuata. Siku aliyoleta meza ya marehemu mama yao nilimsikia tangu kona ya duka la vioo akimgombeza msukuma mkokoteni, kwamba hiyo ni meza na si gunia la mkaa, na nikajua kuna kitu kimeharibika na sisi ndio tutakaobebeshwa mzigo. Nilikuwa nashona mto wa kochi. Nikachomeka sindano kwenye sponji nikasimama, maana wifi ukimpokea umekaa utaisikia habari hiyo mpaka uzeeke.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Mlango mpana unatazama barabara, benchi la kazi liko ukutani, cherehani yangu iko dirishani, na nyuma ya pazia ndiko tunakoishi. Mume wangu anapaka na kung'arisha fanicha. Mimi napiga msasa na kushona mito. Watu wote wanamwita Kioo, hata mwenye nyumba wetu, kwa sababu zamani ukisimama mbele ya kabati alilolipitia yeye ungeweza kujifunga kilemba bila kuuliza mtu kama kimekaa sawa.

Meza yenyewe ilikuwa ya kujipambia, ile ya droo mbili na kioo cha kuinamisha, mbao nzito za rangi ya kahawa. Paa la wifi lilivuja, naye kwa huruma zake akaifunika meza kwa nailoni akaikaza kwa kamba. Unyevu ukajifungia humo humo. Alipokuja kufunua, uso wote wa meza ulikuwa mweupe kana kwamba mtu amemwaga maziwa akasahau kufuta. Alituambia si kazi kubwa, ni kupitisha kitambaa tu. Nimeishi na fundi muda wa kutosha kujua kwamba kazi ya mwenzio siku zote ni ya kupitisha kitambaa tu.

Kioo akaisogelea meza. Alipitisha kiganja juu ya ule weupe, akainama akasogeza jicho lake la kulia karibu, kwa sababu la kushoto lina ukungu. Hiyo meza ndiyo kazi yake ya kwanza kabisa. Aliing'arisha akiwa kijana, alipomaliza kujifunza ufundi, akampa mama yake, na mama mkwe wangu mpaka anafariki hakumruhusu mtu kuweka hata kikombe juu yake.

"Hii ni shelaki, dada," akasema mwishowe. "Itataka spiriti."

Wifi akanigeukia mimi. Katika karakana yetu spiriti haikuwa inaingia tena.

Asiyeijua shelaki nimweleze. Ni magamba membamba ya rangi ya asali, gundi inayotokana na wadudu fulani wadogo. Unayaloweka kwenye spiriti yanayeyuka, unachovya donge la pamba lililofungwa kitambaa laini, ambalo sisi nyumbani tunaliita tonge, unasugua mbao kwa mizunguko midogo midogo. Spiriti inaruka hewani, gundi inabaki inang'aa. Kazi hiyo ndiyo iliyompa mume wangu jina. Ndiyo hiyo hiyo iliyotaka kumtia kaburini.

Mume wangu alikuwa mlevi. Sisemi alikuwa anapenda kinywaji, wala sisemi alikuwa anapunguza mawazo, kama wanavyosema ndugu zake. Alikuwa mlevi, na kwa muda mrefu sikujua, kwa sababu mtu anayeshinda na spiriti mikononi ananuka spiriti. Alikuwa akiingia ndani macho mekundu, mimi nanusa, yeye anasema ni kazi, mke wangu. Wake wa walevi wengine wana pua zao. Mimi yangu ilikuwa imefungwa kitambaa.

Kisha asubuhi moja akakosa cha kunywa akainywa spiriti yenyewe, ile ya zambarau, iliyotiwa sumu na rangi makusudi ili mtu asiinywe. Nilimkuta chini ya benchi anapapasa sakafu. Alikuwa ananiuliza kwa nini sijawasha taa, na jua lilikuwa limejaa mlangoni. Walimpigania hospitali. Jicho moja likarudi, la pili likarudi nusu. Siku aliyoruhusiwa kutoka alisema neno moja, nimeacha, nami nikasema langu: spiriti haiingii tena nyumbani. Siku nitakayoisikia harufu yake mwilini mwako, nitajua umekunywa, na sitauliza swali la pili.

Alikubali. Na harufu haikuja tena. Kila jioni alipopita pembeni yangu nilivuta pumzi, na yeye alijua navuta, na hatukulizungumza. Unaweza kusema si maisha ya heshima, mume kunuswa kama mboga sokoni. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nalala usingizi.

Kazi hatukuacha. Nilisikia kwa fundi mmoja mzee kwamba shelaki inakubali pia maji ya moto yaliyotiwa magadi, nikachukua sufuria yangu kuukuu nikaanza kuipika. Inayeyuka kweli. Inatoka nyekundu kidogo, inang'aa kwa kulazimishwa, na ukiweka juu yake glasi ya maji baridi inabaki alama ya duara. Kwa stuli na rafu za vitabu inatosha. Kioo alikuwa anaipaka, na mimi nilikuwa najifanya sioni anavyoitazama ikikauka.

Basi kwa hiyo meza nikasema tuijaribu hiyo hiyo ya magadi. Nilimwambia wifi aende, tutamwita. Nikapika, Kioo akapaka kipande kidogo ubavuni, pasipoonekana. Tukangoja. Ilikaa juu ya ile shelaki ya zamani kama ukoko, haikushikana nayo, na weupe chini yake ukazidi kuwa mweupe. Aliikwangua kwa ukucha ikatoka utepe mzima.

Sikukata tamaa. Mimi nikishika jambo ni kama kupe. Nikatia magamba kwenye vikombe viwili, kimoja nikajaza tina ya kupunguzia rangi, kingine ile spiriti nyepesi ya kusafishia vidonda, ambayo nusu yake ni maji na ambayo mimi niliihesabu dawa. Kwenye tina magamba yalikaa chini kama kokoto, hayakuyeyuka hata moja. Kwenye ile ya vidonda yaligeuka ute mweupe wa kuchefua. Kioo alikuja akasimama nyuma yangu akavitazama vikombe vyangu, akacheka, kicheko chake cha zamani nilichokuwa nimekisahau.

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mteja. Shelaki ya zamani haifunikwi, inafunguliwa. Spiriti ikiigusa inalainika tena, ule unyevu unatoka, na shelaki mpya inaingia ndani ya ile ya kwanza mpaka zinakuwa kitu kimoja. Hakuna kingine kinachoweza kufanya hivyo. Akasema kama sitaki basi tumrudishie dada meza yake tumwambie imeshindikana, na yeye hatanilaumu. Alisema hivyo bila kununa. Hapo ndipo aliponishika, kwa sababu angenuna ningekataa.

Nikamuuliza, kama itaingia, iingie ipi? Akajibu haraka, kama aliyekuwa na jibu mfukoni, kwamba niende dukani ninunue ya zambarau.

"Ile ile?"

"Ile ile. Naijua ilichonifanya. Siwezi kuigusa tena, hata iwe peke yake duniani. Sumu yake ndiyo mlinzi wangu."

Nikachukua mkoba nikatoka. Duka la rangi liko ng'ambo ya barabara, na chupa za zambarau zimepangwa mlangoni mtu akizitaka asisumbuke. Nilisimama mbele yake muda mrefu mpaka muuza rangi akaniuliza kama nimesahau nilichotumwa. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nafikiria lile neno, mlinzi. Mlinzi huyo alikuwepo siku ile ya kwanza. Sumu ilikuwa imeandikwa kwenye chupa, na picha ya fuvu, na rangi yake, na harufu yake ya kuchoma pua, na mume wangu aliipita yote hiyo akainywa. Mtu aliyeshikwa na kiu ya namna ile hasomi.

Ipo spiriti nyingine. Ni ile safi, isiyo na rangi wala sumu, wanayotumia maabara, na kwa shelaki hakuna inayoishinda. Kioo alifundishwa kazi kwa hiyo. Lakini hiyo ni pombe. Ukiichanganya na maji ukampa mtu kwenye glasi ataomba nyingine. Kuileta nyumbani kwa mlevi aliyeacha ni sawa na kumletea kinywaji na kumsogezea kiti.

Nisiseme uongo, niliumia pale mlangoni. Nikinunua ya zambarau, nasema nakuamini, na siku ukiteleza mara moja tu nakuzika, au nakushika mkono maisha yako yote. Nikinunua nyeupe, nasema sikuamini, nakuwekea jaribu mbele ya pua, lakini ukianguka utaamka kesho. Jamani, ni mke gani anapewa mitihani ya hivi? Wenzangu wanachagua rangi ya pazia.

Nikamwambia muuza rangi nitarudi, nikashuka mpaka duka la dawa.

Muuza dawa ni kijana mwenye miwani anayeongea polepole. Aliniuliza nataka alkoholi safi ya nini. Nikasema ya kung'arishia meza. Akanitazama juu ya miwani. Akasema ya zambarau ni rahisi zaidi, mafundi wote wanatumia hiyo. Nikasema najua. Akauliza tena kama kweli ni ya meza, na uso wake ukawa wa upole wa kunihurumia, nikaelewa kwamba kichwani mwake mlevi ni mimi. Nikamwacha na imani yake. Alinipimia, akabandika karatasi, akanisihi ninywe maji mengi. Nilitoka na chupa yangu imefungwa gazeti.

Nilipofika niliiweka juu ya benchi nikatoa gazeti. Kioo alikuwa anafungua vishikizo vya droo. Akaiona. Akaiinua, akaitikisa kwenye mwanga, maji meupe yasiyo na kitu, akaiweka chini polepole.

"Umeninunulia pombe," akasema.

"Nimekununulia isiyoua."

"Kwa hiyo unajua nitakunywa."

"Sijui. Ndiyo maana nimenunua hiyo."

Alikaa kwenye stuli. Uso wake ulibadilika, kwanza hasira, kisha kitu kibaya kuliko hasira, aibu, na nilitamani kuirudisha chupa mbio. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili, na maneno yangu yalikuwa yameshatoka. Nilimwambia kama anataka kunikasirikia anikasirikie akiwa na macho yake mawili, au hilo moja na nusu. Ninao uwezo wa kuishi na mume aliyekasirika, nimeshajizoeza. Hakucheka.

Baadaye aliinuka akachukua mtungi wa kioo na mfuko wa magamba. Sasa fundi wa shelaki hachanganyi nyingi. Anachanganya ya kazi iliyo mbele yake tu, kwa sababu ikikaa inachacha, haikauki tena vizuri, na magamba ni ya bei. Kioo alikuwa mchoyo wa magamba kuliko mtu yeyote ninayemjua. Siku hiyo alimimina mfuko wote. Kisha akamimina spiriti juu yake, glu glu glu, nikimwangalia, mpaka chupa ikabaki na kidogo chini. Akakoroga kwa kijiti. Ilikuwa shelaki ya kung'arisha nyumba nzima, na tulikuwa na meza moja.

"Ikishakuwa gundi si kinywaji," akasema. "Hii iliyobaki naihitaji mwisho, ya kuvua mafuta. Sitaki kujua iko wapi."

Akanisukumia chupa. Nieleze hapo pia: tonge huwekwa tone la mafuta lisigande kwenye mbao, na mafuta hayo hubaki juu yakafanya ukungu. Siku ya mwisho lazima yavuliwe kwa spiriti tupu, kidogo sana, kwa mkono mwepesi. Bila hiyo kazi yote inaonekana kama kioo kilichopumuliwa.

Nikajiuliza nitaificha wapi katika nyumba ya vyumba viwili na mtu aliyewahi kuficha chupa kila mahali. Ndani ya unga? Alishaweka humo. Juu ya kabati? Huko ndiko alikoanzia. Mwisho nikaitia kwenye mkoba wangu, na mkoba nikauning'iniza begani, nikawa naenda nao kila mahali, sokoni, chooni, kwa fundi viatu. Mama mtu mzima natembea na pombe kwapani.

Kazi ikaanza. Asubuhi alifungua ule weupe, akipitisha tonge bila kusimama, kwa sababu likisimama hata kidogo linanasa na kuchuna. Weupe ukaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu, rangi ya kahawa ikarudi kutoka chini. Niliacha cherehani nikaenda kutazama. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Alikuwa anainamisha kichwa ili jicho zima lipate mwanga, mwili mzima unayumba pamoja na mkono, na nilimpenda hapo kama nilivyompenda nilipomwona mara ya kwanza akifanya hivyo, kwenye karakana ya mwalimu wake, nilipotumwa kufuata kiti.

Lakini jioni alipopita pembeni yangu nikavuta pumzi kama kawaida, na harufu ikanijaa. Nguo, nywele, vidole, yote spiriti. Nilisimama na sufuria mkononi. Pua yangu ilikuwa imekufa tena. Nilikuwa nimejua hivyo itakuwa, na bado ilinipiga kama habari mpya.

Wifi alikuja kukagua, bila hodi. Alisifu, akatafuta kasoro, akakosa, akakasirika kidogo kwa kukosa. Kisha akaniomba pini, na kabla sijajibu mkono wake ulikuwa kwenye mkoba wangu, maana kwake mkoba wa wifi ni kama wa kwake. Akatoa chupa. Akafungua, akanusa, akaketi.

"Kumbe ni wewe," akasema kwa sauti ndogo.

Sijawahi kumwona wifi akinihurumia, na nilitaka kucheka na kulia. Nilimvuta nyuma ya pazia nikamweleza yote, ya zambarau na nyeupe na kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aniambie kwamba nimemleta shetani nyumbani, au kwamba ndugu yake hana shida yoyote, ni mimi na mdomo wangu. Badala yake alikaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akasema kinavuja, nitafute mfuko wa nailoni. Akanirudishia mkoba akaondoka hata pini hakuchukua.

Siku moja katikati ya kazi Kioo alitoka kutafuta kitambaa cha tonge, shuka kuukuu lililofuliwa likalainika, kwa fundi mwenzake mtaa wa tatu. Akachelewa. Chakula kikapoa. Nilikaa mlangoni na mto niliokuwa nashona, nikashona upande mmoja mara mbili. Alipotokea alikuwa anatembea polepole, macho mazito, na harufu ile ile ya tangu asubuhi. Nilimwangalia miguu, nikamwangalia midomo. Hakuna nilichojua. Nikamuuliza kama amekunywa.

"Nimeacha," akasema. "Si nilikwambia?"

Akaingia ndani. Ni neno lile lile alilolisema alipotoka hospitali, na pia ndilo alilokuwa akilisema zamani, kabla ya hospitali, kila nilipolalamika. Lilikuwa neno zuri, limenyooka, na halikuwa na mlango popote wa kuingilia. Nilikaa pale nje nikiwa na hofu, na ninasema hofu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Nilipapasa chupa mkobani. Kile kidogo kilikuwemo vile vile, lakini chupa ya mkobani haiwezi kutoa ushahidi wa mtaa wa tatu.

Siku ya kuvua mafuta ikafika. Meza ilikuwa imekolea, rangi ya kahawa ya ndani kabisa, lakini juu yake kulikuwa na ule ukungu wa mafuta. Kioo alifunga tonge jipya, akaosha mikono, akanyoosha kiganja bila kunitazama, nami nikatoa chupa. Nilitaka kumpa. Akatikisa kichwa, akanionyesha tonge.

"Mimina wewe. Matone tu. Nikisema tena, ongeza."

Nikadondosha. Aliligusa tonge shavuni kupima ubichi, akaanza, kutoka ukingo hadi ukingo, mkono mwepesi kama anamfuta mtoto uso. Nilisimama karibu na chupa wazi. Ilikuwa haina harufu kali kama ya zambarau. Ilikuwa tamu kidogo. Nilimwona anapumua kwa mdomo, nikadhani ni uchovu.

"Tena," akasema. Nikaongeza. Akapita mara mbili, tatu.

"Naitamani," akasema.

Hakusimamisha mkono. Tonge halisimami. Nikafikiri sikusikia vizuri, lakini nilikuwa nimesikia.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofungua kifuniko. Na jana. Na siku ile niliyochelewa, nilisimama mbele ya baa ile ya kona mpaka miguu ikaniuma, sikuingia, nikaona haya kukwambia nilisimama." Akavuta pumzi. "Kila siku naitamani, mke wangu. Nakwambia nimeacha, halafu naenda nyuma ya nyumba natamani peke yangu. Tena."

Nikadondosha. Tone moja likaanguka pembeni ya tonge na yeye akalifagia haraka kabla halijala shelaki. Nilimuuliza nifanye nini. Niko tayari kuimwaga barabarani, nilisema, hata sasa hivi, meza ibaki na ukungu wake.

"Usiimwage," akasema. "Usiondoke tu. Kaa hapo mpaka nimalize."

Nikaifunga chupa. Nikavuta stuli nikakaa karibu na kiwiko chake, na alipotaka tena nilifungua nikadondosha nikafunga. Ukungu ulikuwa unaondoka kipande kwa kipande, na mwisho nikauona uso wa mume wangu kwenye mbao, umeinama, machozi yanamteremka hadi kidevuni, anayapangusa kwa bega ili yasianguke kwenye kazi.

Wifi alikuja kuichukua meza na msukuma mkokoteni yule yule. Aliizunguka, akajitazama juu yake, akaiweka sawa nguo ya kichwani, hakusema kitu, na kwa wifi hiyo ndiyo sifa kubwa. Alipoondoka, Kioo alifagia, nami nikapika chai.

Aliingia nyuma ya pazia akakaa. Alikuwa bado ananuka spiriti nywele hadi vidole. Nilimwekea kikombe, nikakaa mbele yake, na swali lililonijia mdomoni lilikuwa lile la siku zote, umekunywa? Nikalimeza. Nikamuuliza kama leo ameitamani.

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Asubuhi, sana," akasema. "Dada alipokuwa anaondoka, kidogo. Sasa hivi hapana."

Nikamwamini.